Dar, Iringa, Mbeya: Watu Wanne, Gari Moja, Siku Sita

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Juma, kuna kijana kanitumia ujumbe. Wako wanne, wana gari dogo na siku sita za likizo. Wanataka kutoka Dar wapite Dodoma, Iringa, Mbeya, Njombe mpaka Songea, halafu warudi.

JUMA: Kwa siku sita? Hao watashinda ndani ya gari tu, dada.

REHEMA: Ndiyo nikasema tuizungumze. Wewe ungewaambiaje?

JUMA: Wafute miji mitatu. Wabaki na Iringa na Mbeya. Ninajua inauma, lakini kila mji unaouongeza unakula mafuta, unakula kitanda, na unakula siku nzima.

REHEMA: Watu wanapiga hesabu ya kilomita. Wanaona Dar hadi Iringa ni kama 500, wanasema saa sita tumefika.

JUMA: Thubutu! Hapo hujagusa foleni ya Kibaha na Mlandizi, na malori mpaka Chalinze. Kila kijiji ni mwendo wa 50, na trafiki yupo na tochi yake ya kupima mwendo. Faini moja ya elfu thelathini ni chakula cha mchana cha wote wanne. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kipande cha kama kilomita 50, mwisho ni 70. Ukigonga mnyama unalipishwa, na kila mnyama ana bei yake.

REHEMA: Lakini pale Mikumi mimi sioni sababu ya kukimbia. Unapita barabara kuu bila kiingilio, na unaona swala, twiga, tembo ukibahatika wakiwa karibu. Kwa mwenye bajeti ndogo hiyo ni zawadi.

JUMA: Kweli kabisa. Basi Dar–Iringa wahesabu saa tisa au kumi, watoke saa kumi alfajiri. Na hili ninalisema kwa moyo wote: mlima wa Kitonga wapande mchana.

REHEMA: Simulia ya kwako.

JUMA: Mwaka ule tulichelewa kutoka, tukafika Ruaha Mbuyuni giza limeingia. Tukaanza kupanda mlima nyuma ya semi iliyobeba mzigo, iko gia nzito, inatembea kama mtu. Kulia mwamba, kushoto korongo. Malori yanayoshuka breki zinanuka mpaka ndani ya gari, vioo tumefunga. Nyuma yangu mtu ananiwashia taa niovateki. Kuovateki kwenda wapi? Mikono ilikuwa imelowa jasho kwenye usukani. Kufika Ilula nilisimamisha gari, nikakaa kimya dakika kumi.

REHEMA: Mungu alikuwa upande wenu. Haya, twende kwenye pesa.

JUMA: Kutoka Dar kwenda Mbeya na kurudi ni kama kilomita 1,660. Weka 200 za mizunguko, inakuja 1,860. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 155. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi, wachukue ile ya mwezi wao. Tuseme lita ni 3,000: inakuja 465,000, kila mtu kama 116,000.

REHEMA: Na ichangwe yote kabla ya safari, ashike mmoja. Habari ya "nitakurushia tukifika" imevunja urafiki wa watu.

JUMA: Kabla ya hapo gari lipelekwe kwa fundi. Breki, maji ya rejeta, tairi la spea lenye upepo, jeki, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za kuakisi. Anayesema hiyo ni gharama ya ziada hajawahi kuvutwa na breakdown kutoka porini.

REHEMA: Kulala?

JUMA: Iringa usiku mbili, Mbeya mbili, kurudi Iringa mmoja. Gesti za kawaida, vyumba viwili, watu wawiliwawili. Wakague chumba kabla ya kulipa. Kuna gesti tuliambiwa maji ya moto yapo, asubuhi tukaletewa ndoo ya baridi, na Iringa ya mwezi wa saba siyo mchezo.

REHEMA: Iringa mimi ningewapeleka Isimila, zile nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale. Halafu Kalenga, kwenye fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nilisimama mbele ya lile kabati la kioo, sikuweza kuongea. Mtu asipite Iringa bila kufika pale.

JUMA: Mbeya siku ile moja nzima waigawe vizuri: ama wapande mlima Ngozi kuliona ziwa la kreta, ama washuke Rungwe, kwenye Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili, na Kijungu, vyote kwenye Mto Kiwira. Vyote viwili siku moja watachoka bure, na kesho yake kuna kilomita 330 za kurudi Iringa.

REHEMA: Na vile vitunguu vya Ruaha Mbuyuni?

JUMA: Wanunue wakati wa kurudi, dada. Na wavifunge juu ya keria.