Homoni, jeni na kelele ya soko ya Kadutu

Jambo yenu bote, bamama, bapapa, na nyinyi banafunzi ba nyuma kule. Umeme imekatika, projekta haitawaka, basi nitachora ku ubao, na pengine ni heri, juu ile slaidi zilikuwa na rangi mingi kuliko maana.

Leo tunaongea namna homoni, zile tarishi zenye zinapita mu damu, zinaamusha ao zinalalisha jeni, yale maagizo ya urithi yenye yameandikwa mu seli zetu, na namna ya kuiona mu damu bila kujidanganya. Tuanze na tone moja ya damu. Ukiiangalia mu mikroskopi unaona seli nyekundu zimejaa fasi yote, lakini seli nyekundu ikishakomaa haina tena kiini, maana haina ADN, kule jeni zimeandikwa, ya kusoma. Kwa hiyo mukisikia banasema jeni zinawaka mu damu, zaidi banaongea juu ya seli nyeupe, baaskari ba mwili, zenye ziko chache sana. Njo kule tunatafuta ARN, ile kopi yenye jeni inatoa ikiwa ku kazi. Yenye inatoa kopi mingi iko macho, yenye haitoe imelala.

Sasa homoni. Testosteroni, yenye iko mingi kwa banaume, na estradioli, yenye iko mingi kwa banamuke, zinatoka ku kolesteroli, ni mafuta-mafuta, zinapita ukuta wa seli bila kupiga hodi, mule ndani zinakuta kipokezi chake, zinashikana, halafu biote viwili vinaenda kukaa juu ya ADN na kuamusha jeni fulani ao kuilalisha. Lakini si testosteroni yote inaweza ingia: karibu yote imebebwa na protini mu damu, yenye iko huru ni kama 2 tu ku 100. Labo ikikupa namba, uliza kwanza, hii ni ya yote ao ni ya ile huru?

Na saa nayo ina maneno yake. Testosteroni ya kijana iko juu asubuhi, mangaribi imeshuka. Estradioli ya mama inapanda na kushuka ndani ya mwezi moja, na akiwa na mimba inapanda sana sana. Ukichukua damu ya papa moja saa mbili ya asubuhi na ya mwengine saa kumi jioni halafu unabalinganisha, umelinganisha masaa, haukulinganisha bantu.

Mimi mwenyewe nilianguka mu hiyo kazi. Mara ya kwanza niliacha tibu za damu ku meza, nikaenda kula ugali na sambaza, zile samaki ndogo, mvua ikanifunga kule, nikarudi saa nane. Majibu ilipotoka, jeni za uchungu na za vita zilikuwa zimewaka kila fasi, nikafurahi, nikafikiri nimegundua kintu. Kumbe ni seli zilikuwa zinateseka mu tibu!

Lakini mutego mukubwa ni huu. Weka simu yako pa soko ya Kadutu, hapa Bukavu, asubuhi mapema, rekodi kelele, rudi saa tano rekodi tena. Kelele imepanda. Ni kila mama muuza sambaza njo ameongeza sauti, ao ni bamama bengine bamefika? Simu haiwezi kukuambia. Damu ni vile vile. Mama mwenye mimba, seli nyeupe zenye tunaita neutrofili zinaongezeka, basi jeni za neutrofili zinaonekana zimepanda, kumbe mu kila seli pengine hakuna kintu imebadilika. Kwa hiyo hesabu seli kwanza, ao uzitenganishe mbele ya kusoma ARN. Mwenye hakufanya hivyo, mimi simuamini sana.

Tena, si kila tofauti ya bibi na bwana ni homoni. Kuna jeni inaitwa XIST, kazi yake ni kunyamazisha moja ya kromozomu X mbili, zile fungu za ADN, za mwanamuke, mu damu yake inawaka toka utoto mupaka uzee, homoni zipande ao zishuke. Mu 2014 batu ba chuo kikuu cha Stanford, Amerika, baliona banaume benye testosteroni mingi balitoa kinga kidogo kisha chanjo ya mafua, na kundi moja ya jeni zenye zinahusika na mafuta ya mwili ilikuwa imewaka zaidi kwao. Ni kazi nzuri, lakini kuonekana pamoja haiko kuzaana. Umri unaingilia, kitambi nacho, juu mafuta ya tumbo inageuza testosteroni kuwa estradioli.

Ndiyo mama? Anauliza ile sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, kama inabadilisha jeni zake. Hapana mama, herufi za ADN yako hazibadilike hata moja. Inalalisha mayai, estradioli inashuka, na jeni zenye zilikuwa zinasikiliza estradioli zinapunguza kazi. Ukiacha, mwili unarudilia, lakini pole pole, pengine mimba inakawia miezi kumi hivi ao kupita, usiseme nimekuloga.

Wewe wa shati ya buluu, swali yako?