Jiwe linaloelea: namna ya kulitambua, na jina lake lina maana gani

Assalamu alaikum watazamaji. Nipo ufuoni Shela, maji yamekupwa, na mkononi nina mawe mawili yenye vitundu. Nyumbani kwetu Lamu yote mawili yalikaa kando ya birika, na yote tuliyaita jiwe la kusugulia magaga. Lakini moja ni la bahari hii hii, jengine ni la moto. Leo tunayatenganisha.

Kwanza, yaoshe, kwangua magamba yoyote ya baharini yaliyogandia, kisha yaanike mpaka yakauke kabisa. Usiiruke hatua hii.

Pili, tazama vitundu kwa karibu. Hivi vimepangana, kila kimoja kama kinyota: hilo ni tumbawe. Hivi vyengine ni vikubwa kwa vidogo, havina mpango.

Tatu, yatie ndooni. Tumbawe hilo, limezama. Jengine linaelea. Ila kuelea pekee kusikutoshe, maana hata mfupa wa dome, yule mnyama wa bahari aliye jamaa ya ngisi, huelea.

Nne, lidondoshee siki kila moja. Tumbawe linatoa mapovu kwa kuwa ni chokaa. La pili limenyamaza. Yale magamba nayo ni chokaa, ndiyo maana tuliyakwangua. Yangekudanganya.

Sasa jina. Vitabuni ni pumisi, kutoka Kilatini pumex, neno lenye asili moja na neno lao la povu. Na waliolipa jina hilo waliona sawasawa. Ndani ya volkeno mna uji mzito wa mawe uliojaa gesi. Ukipanda juu na kukosa kitu cha kuubana, gesi hufumka kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa, na lile povu hupoa upesi likaganda kuwa kioo, na viputo vyake ndani. Ulichoshika ni povu la kioo! Mimi naliita jiwe-povu, kwani “la kusugulia” hutaja kazi yetu tu, halitaji lilikotoka.

Lamu hatuna volkeno; mawe haya huletwa na bahari. Krakatoa ya Indonesia ilipolipuka Agosti 1883, mawe kama haya yalivuka Bahari Hindi yakielea, na mwaka 1884 yakafika Zanzibar.

Tano, liache ndooni, uandike tarehe ukutani kwa mkaa. Maji huingia vitunduni polepole, hata lizame. Langu jengine nililitia mwezi wa Rajabu. Sogeza kamera hapa: bado liko juu.