Elfu thelathini za Mwembechai

ZUHURA: Wapendwa wasikilizaji, mwangaluka. Zuhura hapa, na kaka yenu Kulwa yuko mbele yangu na chupa yake ya chai. Leo tulipanga kuwapa mambo matatu ya kuzingatia ukiandikiwa faini ya barabarani. Nimeyaandika kabisa, ninayo hapa.

KULWA: Mwangaluka. Waeleze kwanza ulichokikuta kwenye gari, maana tangu Jumatatu hujatulia.

ZUHURA: Jumatatu nilipeleka Noah kuoshwa pale Isevya. Kijana anayeosha akafungua kile kisanduku cha dashibodi kutoa takataka, akaniambia, "Mama, hii risiti nitupe?" Nikaichukua. Karatasi ya kimashine cha trafiki, imejikunja, wino umeshaanza kufifia. Namba ya gari langu, shilingi 30,000, kosa ni kuendesha kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi, Morogoro Road, Dar es Salaam.

KULWA: Na wewe Dar hujakanyaga.

ZUHURA: Nilikuwa hapa hapa Tabora! Gari nilimpa mdogo wangu ampeleke mama mkwe wake Muhimbili. Nikampigia. Akasema, "Dada, nilisahau." Nikamwambia kaa chini, nieleze taratibu.

KULWA: Wangepanda treni.

ZUHURA: Kulwa, bado hatujaanza.

KULWA: Nasema tu. Endelea.

ZUHURA: Anasema wamefika Manzese Tip Top, lori limezimika, foleni haisogei. Mgonjwa yuko nyuma, mguu umevimba, analalamika. Akatokea askari, akawapungia mkono magari yaingie njia ya mwendokasi yalipite lori. Mdogo wangu akaingia kama wenzake. Mbele kule Mwembechai kuna askari mwingine, akamsimamisha, akachukua leseni, akaandika. Yule wa kwanza hayupo wa kumtetea.

KULWA: Hapo ndipo nina swali, na usikasirike. Kutoka Tip Top hadi Mwembechai unapita kituo cha Argentina, unapita cha Kagera. Mimi nimekaa Manzese, barabara ile naijua. Aliruhusiwa kulipita lori. Lori limeshabaki nyuma, alikuwa anafanya nini Kagera?

ZUHURA: Anasema hakuona pa kutokea. Ile njia ina kingo za zege, si mstari wa rangi useme unakata tu. Na nyuma yake basi la mwendokasi linapiga honi. Mtu wa Tabora, mgeni wa njia ile, utasimama mbele ya basi limejaa watu uanze kutafuta upenyo?

KULWA: Basi limejaa watu. Asante, umelisema mwenyewe. Njia ile haikuwekwa kwa mapambo, Zuhura. Tangu 2016 mabasi yale yanabeba watu wa Kimara mpaka Kivukoni, watu wanaosimama kituoni tangu alfajiri. Lile basi refu lenye kiungo katikati linabeba zaidi ya watu mia. Linapunguza mwendo kwa sababu ya Noah moja yenye watu watatu. Mimi hilo linaniuma.

ZUHURA: Linaniuma na mimi. Anayejipenyeza pale kwa sababu ana haraka ya kwenda harusini, aandikwe, sina huruma naye. Lakini huyu aliingizwa na askari.

KULWA: Njia ya peke yake inatakiwa iheshimiwe kama reli. Pale kwenye makutano ya reli hapa mjini, treni ikija kila mtu anasimama, awe na mgonjwa, awe na bibi harusi. Hakuna anayejadiliana na treni. Ndiyo maana nasema, mama mkwe yule angepanda treni...

ZUHURA: Ameshaanza.

KULWA: Nisikilize. Sisi ni watu wa reli. Reli imefika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914. Hapa ndipo njia zinapogawana, huyu aende Mwanza, huyu Kigoma. Mji mzima umelelewa na stesheni. Halafu mtu wa Tabora anamlaza mgonjwa kwenye Noah, anamburuza Itigi, Manyoni, Dodoma, Morogoro, mpaka foleni ya Manzese!

ZUHURA: Mgonjwa mguu umevimba, Kulwa. Aukunje kwenye kiti cha daraja la tatu?

KULWA: Kuna daraja la pili kulala. Ananyoosha mguu, anapepewa, wanafika stesheni ya Saranda anapata kuku.

ZUHURA: Mgonjwa wa sukari anapata kuku wa Saranda!

KULWA: Kuku ana ubaya gani kwa mgonjwa wa sukari? Kuku wa kuchoma, wa kienyeji, hana sukari. Ungesema mkate ningenyamaza. Zuhura, wewe lini mara ya mwisho umesimama dirishani Saranda?

ZUHURA: Zamani, na marehemu baba. Alikuwa anachagua kuku kwa kumbonyeza paja, treni imeshapiga honi, sisi tunalia tunafikiri tutaachwa. Mama anamvuta shati. Yeye anasema hapana, huyu amekauka, lete yule. Akirudi kwenye behewa anagawa, paja kwa mama, sisi mabawa.

KULWA: Umeona? Unakumbuka mpaka leo. Foleni ya Manzese nani ataikumbuka hivyo?

ZUHURA: Nitaikumbuka mimi, imenigharimu 30,000.

KULWA: Na siku hizi usiseme treni inachelewa kufika. Unateremka Dodoma, unapanda ya umeme ya SGR, ipo tangu 2024, jioni uko Dar umekaa kwenye kiti safi.

ZUHURA: Na wa kumbeba kutoka stesheni moja kwenda nyingine nani? Wewe unasafiri na begi moja. Sisi tulikuwa na godoro, ndoo, mgonjwa, na nyaraka za rufaa kutoka hospitali ya Kitete. Mdogo wangu alifanya alichoweza, na gari alipewa kwa moyo mweupe. Turudi kwenye faini.

KULWA: Faini ni rahisi. Lipa.

ZUHURA: Kwa nini?

KULWA: Kwanza deni linakaa kwenye namba ya gari, na gari ni lako. Siku saba zikipita wanaongeza asilimia 25, inakuwa 37,500. Ukienda Nzega tu, trafiki anaingiza namba kwenye kimashine, deni linatokea, unasimama juani. Pili, ukitaka kubisha unabishia wapi? Kosa liko Dar. Nauli ya basi ya kwenda peke yake inapita faini. Hujala, hujalala, hujarudi. Kwenye simu ni dakika mbili, umelipa.

ZUHURA: Hapo ndipo tunapopishana. Unaniambia nilipe kwa sababu ukweli uko mbali. Kwa hiyo aliye Magomeni anaweza kudai haki yake, wa Tabora hawezi?

KULWA: Nakwambia hesabu.

ZUHURA: Na mimi nakwambia ile notisi maana yake nini. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani, ya mwaka 1973, askari anakuandikia kosa. Ukikubali, unalipa yanaisha. Usipokubali, una haki ya kupelekwa mahakamani ukasikilizwe. Kulipa ni kukubali. Mdogo wangu anaishi kwa kuendesha, leseni yake iliingizwa kwenye kimashine kile. Nikilipa nimesema amekosa.

KULWA: Alikosa. Kuanzia Argentina alikosa.

ZUHURA: Hujui!

KULWA: Wewe pia hujui. Unajua alichokuambia.

ZUHURA: Namjua mdogo wangu. Angekuwa amejipenyeza angesema, "Dada, nilijipenyeza." Binamu yangu yuko Leicester, Uingereza, aliwahi kuniambia kule inavyokuwa. Kamera inakupiga kwenye njia ya basi, notisi inakuja nyumbani kwa mwenye gari, unaangalia picha mwenyewe. Ukiwahi kulipa mapema unalipa nusu. Ukiona umeonewa unaiandikia halmashauri, wakikukatalia unakata rufaa kwenye baraza huru, bila malipo, unaweza kusikilizwa kwa simu. Kwa simu, Kulwa! Mtu anajitetea akiwa jikoni kwake. Hicho tu ndicho ninachokitaka. Sihitaji kusamehewa, nahitaji mtu amuulize yule askari wa Tip Top kama aliwapungia mkono au hakuwapungia.

KULWA: Na kama kamera ingeonyesha ameipita njia ya kutokea pale Kagera, ungelipa?

ZUHURA: Ningelipa siku hiyo hiyo, na ningemdai yeye.

KULWA: Basi lipa sasa, umdai yeye.

ZUHURA: Kamera haipo! Neno lake na neno la askari. Kwa nini neno lake lianze likiwa limeshindwa?

KULWA: Kwa sababu alikuwa ndani ya njia. Hilo halina ubishi. Abiria wa basi lile hawajui habari za lori, wanachojua Noah imewazibia. Kila mmoja anayeandikwa pale ana hadithi yake, na zote nzuri. Wakizisikiliza zote njia imekufa, itakuwa barabara ya kawaida.

ZUHURA: Na wasiposikiliza hata moja, watakaokuwa na haki watafanya nini?

KULWA: Watalipa, kama wengine.

ZUHURA: Siwezi kulikubali hilo.

KULWA: Najua. Na mimi sibadiliki.

ZUHURA: ...

KULWA: Chai imepoa.

ZUHURA: Iache. Nilichofanya mpaka sasa, nimeipiga picha ile karatasi kabla wino haujapotea wote. Nimemwambia mdogo wangu aandike kila kitu, saa, mahali, lori lilikuwa la rangi gani, askari alisimama upande upi. Na shemeji yetu mwingine yuko Ubungo, kesho anakwenda ofisi ya trafiki kuuliza kama anaweza kutusemea.

KULWA: Siku saba zinaisha lini?

ZUHURA: Keshokutwa.

KULWA: Zuhura.

ZUHURA: Nimesikia. Tuna dakika ngapi? Fundi ananionyesha vidole viwili. Jamani, yale mambo matatu hayawezekani tena, hata la kwanza sitalimaliza. Mwenye bodaboda au bajaji, yako ni 10,000 kwa kosa, tangu bajeti ya 2021. Usikubali kuandikiwa 30,000 ukanyamaza.

KULWA: Hilo tunakubaliana.

ZUHURA: Na kama kuna msikilizaji aliyewahi kuikataa notisi akafika mahakamani, tutumie sauti. Tunataka kusikia ulivyoulizwa na ulivyojibu.

KULWA: Na aliyesafiri na mgonjwa kwa treni pia atume sauti. Aseme Saranda alikula nini.

ZUHURA: Kulwa!

KULWA: Kwaherini. Zuhura, lipa.

ZUHURA: Kwaherini, wapendwa. Silipi kabla ya kesho jioni.