Mwaguzi Katikati ya Mishale

Mabibi na mabwana, nifuateni mpaka Plataea, Ugiriki, mwaka 479 K.K. Mto Asopos uko katikati, huku Wagiriki, kule Waajemi. Siku zinapita, nane, tisa, kumi, na hakuna jeshi linalovuka kwenda kupigana. Kisa? Pande zote zimechinja wanyama wa kafara ili waaguzi wasome ishara, na jibu ni lile lile: mkijilinda, kheri, mkivuka, shari.

Aliyewaagulia Wagiriki ni Tisamenos wa Elis. Wasparta, Wagiriki wa mji wa Sparta, walipomtaka, hakudai fedha, alidai uraia wa mji wao, wake na wa ndugu yake, wakampa. Aliyewaagulia Waajemi ni Hegesistratos, Mgiriki pia, tena wa Elis vilevile. Huyu Wasparta waliwahi kumtia mkatale wamuue. Akakata sehemu ya wayo wake mwenyewe, akachomoka, akatembea usiku na kujificha mchana hadi mji wa Tegea. Chuki yake naielewa.

Msimfananishe mwaguzi wa vita na mpiga ramli anayekwambia utaolewa lini. Yeye aliulizwa swali moja tu: tulifanye jambo hili leo, au tuliache? Akachinja mnyama, akatazama ini lake. Likikosa ncha yake moja, hiyo ni balaa, na jemadari anarudi hemani.

Basi siku ya vita ikafika. Wapanda farasi wa Waajemi wamewafikia Wasparta, mishale inanyesha, na kamanda wao Pausanias bado anachinjisha. Ishara mbaya. Anachinja mnyama mwingine, mbaya. Askari wameketi nyuma ya ngao, wanakufa wamekaa. Askari Kallikrates, ambaye mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasema hakuna Mgiriki aliyempita kwa uzuri siku hizo, alichomwa mshale akiwa safuni. Akasema haimuumi kuifia Ugiriki; inamuuma kwamba hakuutumia mkono wake. Pausanias akainua macho kuelekea hekalu la mungu wa kike Hera, akaomba. Hapo ndipo ishara zikageuka, wakanyanyuka, wakashinda.

Wapo wanaosema Pausanias alikuwa akivuta muda tu, adui asogee. Huenda alijua faida hiyo. Lakini mimi siamini kwamba wanaume wangeketi kimya chini ya mishale ile kwa ajili ya hila ya kamanda. Waliketi kwa sababu waliamini.

Na mwaguzi naye aliamini. Mwaka mmoja kabla, kule Thermopylae, Wagiriki walipopigana na Waajemi hao hao, mwaguzi Megistias wa Akarnania alitazama kafara akaona mauti ya Wagiriki wenzake yanakuja na alfajiri. Leonidas, mfalme wa Sparta aliyewaongoza, akamruhusu aondoke. Megistias akamtoa mwanawe wa pekee, aliyekuwa naye vitani, akamrudisha nyumbani. Yeye akabaki.