Kodi ya Milo Virginia: Risiti ya Dola 60, Mstari kwa Mstari

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Virginia, Marekani, na mada ni ile kodi ambayo mteja akiiona chini ya risiti hudhani mwenye mgahawa kampiga. Kaka Mwita, hebu tuanze na risiti yenyewe.

MWITA: Haya. Mgahawa uko ndani ya jiji la Richmond. Watu watatu wamekula, chakula na soda dola 60. Chini ya hapo kuna mistari miwili ya kodi. Wa kwanza ni kodi ya mauzo, asilimia 6, yaani dola 3.60. Hiyo inapelekwa kwa jimbo. Wa pili ni kodi ya milo, asilimia 7.5, dola 4.50. Hiyo ni ya jiji lenyewe. Jumla 68.10, na bakshishi ya mhudumu bado.

ZUHURA: Asilimia 13.5 juu ya sahani! Na risiti hiyo hiyo ukiihamishia kaunti ya Fairfax?

MWITA: Dola 66 kamili. Kodi ya mauzo ni ile ile asilimia 6, ila ya milo ni asilimia 4. Na Fairfax wameianza Januari 1, 2026. Kabla ya hapo mteja alilipa kodi ya mauzo peke yake.

ZUHURA: Walichelewa kwa nini, wakati majirani zao Arlington na Alexandria wanaitoza miaka yote?

MWITA: Kwa sababu Virginia serikali ya mtaa haina mamlaka ya kodi ila ile iliyopewa na bunge la jimbo. Majiji yalipewa mkono mrefu, hayana kikomo cha kiwango. Kaunti zilibanwa: zisizidi asilimia 4, na nyingi zililazimika kupiga kura ya maoni kwanza. Fairfax walipiga mwaka 2016, wananchi wakakataa. Kaunti ya Henrico walipiga 2013, ikapita. Sheria ikabadilishwa 2020: kuanzia Julai mwaka huo kaunti inaweza kufika asilimia 6 bila kura ya maoni. Ila kaunti iliyokuwa imeshakataliwa kwenye kura ilipaswa kusubiri miaka 6.

ZUHURA: Wasikilizaji wetu wa Kenya hapo watashangaa. Katiba ya 2010, ibara ya 209, imeipa serikali ya kitaifa VAT, na kaunti zimeachiwa kodi ya mali, ya burudani, na nyingine ambazo bunge litaruhusu. Nairobi haiwezi kuamka tu ikaongeza asilimia kwenye bili ya nyama choma. Na Tanzania ushuru wa huduma halmashauri inamdai mwenye biashara kwenye mauzo yake, hauonekani kama mstari kwenye bili ya mteja.

MWITA: Na hapo ndipo kiini kilipo. Kodi ya milo ya Virginia anailipa mteja. Mwenye mgahawa ni mtunzaji tu. Tangu kadi inapopitishwa kwenye mashine, zile dola 4.50 ni za jiji, zimelala kwako kwa muda. Watu wengi wanaojikwaa, hawajikwai kwenye kiwango, wanajikwaa kwa kuziona hizo kama mapato.

ZUHURA: Tutafika huko. Kwanza hesabu. Kosa la kawaida kwenye kupanga mashine ya mauzo ni lipi?

MWITA: Kuweka kodi juu ya kodi. Mtu anaingiza kodi ya mauzo, halafu anaingiza ya milo bila kuangalia kama mashine inaikokotoa kwenye bei ya chakula au kwenye jumla ambayo tayari ina kodi. Kodi zote mbili zinakokotolewa kwenye zile 60. Ukikosea, asilimia 7.5 inakuwa ya 63.60, yaani 4.77. Senti 27 za ziada kwa meza moja.

ZUHURA: Na huwezi kusema basi hizo senti 27 ni zangu.

MWITA: Umezichukua kwa jina la kodi, si zako. Jaribio lake ni rahisi: kabla ya kufungua, piga risiti ya dola 100 kamili. Richmond lazima isome 6.00 na 7.50. Ikisoma 7.95, rudi kwenye mipangilio.

ZUHURA: Punguzo je?

MWITA: Ukimpunguzia mteja dola 10 mwenyewe, kodi inakwenda kwenye 50. Hilo halina mgogoro. Penye utata ni ada ya huduma.

ZUHURA: Ile ya meza ya watu wengi.

MWITA: Ndiyo. Bakshishi ambayo mteja anaamua mwenyewe haiguswi na kodi yoyote kati ya hizi mbili. Ile ya lazima, unayoiongeza wewe kwenye bili, haitozwi mradi haizidi asilimia 20 ya bei. Kwenye 60 yetu, ukiweka asilimia 18 ni dola 10.80, salama. Ukiweka asilimia 25 ni dola 15. Asilimia 20 ingekuwa 12, kwa hiyo zile 3 zinazobaki zinaingia kwenye kodi. Mashine nyingi haziwezi kuikata ada vipande viwili hivyo. Kwa maoni yangu, weka asilimia 20 au chini, ulale.

ZUHURA: Nije kwa jambo linalowahusu wasikilizaji wetu kabisa. Kuna maduka ya vyakula vya kwetu, yanayohudumia Wakongo na Waafrika wengine waliohamia Virginia. Unga, dagaa, mafuta ya mawese kwenye rafu, halafu kwenye kona kuna kaunta ya sambusa na wali wa moto. Huyo anatoza nini?

MWITA: Anatoza mambo mawili tofauti ndani ya mlango mmoja. Chakula cha kwenda kupika nyumbani, Virginia inakitoza asilimia 1 tu tangu Januari 2023. Mfuko wa unga wa dola 10, kodi ni senti 10, na kodi ya milo haiugusi. Sambusa ya moto kutoka kaunta ni chakula tayari: kodi kamili ya mauzo, na ya milo juu yake.

ZUHURA: Sambusa zile zile zikiwa zimegandishwa kwenye pakiti?

MWITA: Hizo ni za kwenda kukaanga nyumbani, zinakaa na unga. Kwa hiyo kwenye mashine zinahitaji vitufe viwili, sambusa moto na sambusa pakiti. Ukiweka kitufe kimoja, ama unamnyonya mteja, ama unajikopesha fedha za jiji bila kujua. Sasa kuna mtego ambao wengi hawaujui, kanuni ya asilimia 80. Kama mauzo ya chakula kilichotayarishwa kwa kuliwa papo hapo yanazidi asilimia 80 ya mauzo yote ya duka, duka linahesabika kama mgahawa kwa kodi ya mauzo. Hapo hata ule mfuko wa unga unapoteza asilimia 1 yake, unatozwa kiwango kamili. Kwenye eneo la asilimia 6, senti 10 zinakuwa 60.

ZUHURA: Kwa hiyo kaunta ikishika kasi na rafu zikidorora, unaweza kuvuka mstari bila kugundua.

MWITA: Kabisa. Toa ripoti ya mauzo kwa makundi, gawa ya kaunta kwa jumla yote, uione namba. Ikiwa 74, 77, anza kuongea na mhasibu kabla haijafika.

ZUHURA: Na kanisa? Kila Jumapili utakuta mtu anauza chapati na maharage ukumbini kuchangisha fedha.

MWITA: Sheria imewaachia nafasi. Kanisa au shirika la hisani lisilo la faida, likiuza chakula kuchangia shughuli zake, mara 3 za kwanza kwa mwaka wa kalenda halitozwi kodi ya milo. Kuanzia mara ya 4, dola 100,000 za kwanza za mauzo pia zimesamehewa. Lakini mapato yaende yote kwenye shughuli za kanisa au hisani. Muumini anayetumia ukumbi kuuzia biashara yake hayumo. Na hiyo ni kodi ya milo tu, ya mauzo ina masharti yake.

ZUHURA: Tuhamie kwenye anwani. Nasikia pana kizaazaa.

MWITA: Kizaazaa kweli! Posta ya Marekani haifuati mipaka ya serikali za mitaa. Sehemu kubwa ya kaunti ya Fairfax ina anwani inayosomeka Alexandria au Falls Church, na majengo yenyewe hayamo ndani ya majiji hayo. Jiji la Alexandria linatoza asilimia 5, kaunti 4. Mtu anaiamini anwani, anatoza 5, anaipeleka Alexandria, na kaunti inamwandikia barua kwamba hajawahi kulipa hata senti.

ZUHURA: Na ndani ya kaunti kuna miji midogo pia.

MWITA: Vienna na Herndon wana kodi yao wenyewe, kwa hiyo ya kaunti haiongezwi juu yake. Usibahatishe: ingia kwenye ramani ya viwanja ya kaunti, andika namba ya jengo, uone liko chini ya nani. Mwenye gari la chakula kazi yake ni kubwa zaidi, maana kodi ni ya mahali unapouzia. Mchana Arlington, jioni Alexandria, ni ritani mbili. Abadilishe eneo kwenye mashine kabla ya kuuza sahani ya kwanza.

ZUHURA: Mwisho wa mwezi sasa. Inapelekwaje?

MWITA: Sehemu nyingi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na zinakwenda njia mbili. Ya mauzo kwa idara ya kodi ya jimbo, ya milo kwa Kamishna wa Mapato wa eneo au idara ya fedha ya jiji. Massachusetts wamerahisisha: tangu Agosti 2009 mji ukitaka unaongeza asilimia 0.75 juu ya 6.25 ya jimbo, na jimbo linakusanya yote kisha linaurudishia mji chake. Fomu moja. Virginia wewe ndiye unayegawanya.

ZUHURA: Na ukichelewa?

MWITA: Sheria ya jimbo inaruhusu adhabu ya asilimia 10 mwezi wa kwanza na 5 kila mwezi unaofuata, mpaka 25, na riba juu. Kukusanya na kutopeleka kwa makusudi ni kosa la jinai, na kujificha nyuma ya jina la kampuni hakukuokoi. Ila balaa lililoonekana Richmond mwanzoni mwa 2024 lilikuwa la namna nyingine. Wenye migahawa walijitokeza hadharani wakiwa na bili kubwa, na baadhi walikuwa wanalipa kila mwezi.

ZUHURA: Hilo lieleze taratibu.

MWITA: Tuseme unauza 40,000 kwa mwezi, kodi 3,000. Mwezi mmoja umechelewa, adhabu 300, na barua ya adhabu hukuiona. Mwezi unaofuata unapeleka 3,000 kwa wakati. Mfumo unakata kwanza deni la zamani, 300. Kwa mwezi huu zimebaki 2,700, kwa hiyo umepungukiwa 300, adhabu 30. Mwezi mwingine deni ni 330, kisha 363. Kwa asilimia 10 hiyo tu, bila riba, baada ya mwaka ni dola 940 hivi, baada ya miaka miwili zaidi ya 2,900. Na wewe kila tarehe 20 unalipa! Baada ya kelele hizo jiji likabadili utaratibu wa kupanga malipo.

ZUHURA: Kinga yake?

MWITA: Akaunti ya benki ya pembeni. Kila Jumatatu hamisha kodi ya wiki iliyopita, mistari yote miwili ya ripoti. Ukishapeleka ritani, omba taarifa ya akaunti yako, angalia salio, si stakabadhi. Stakabadhi inasema umelipa. Salio linasema malipo hayo wameyapeleka wapi.

ZUHURA: Na kadi? Benki inakata ada kwenye jumla yote, pamoja na kodi isiyo yako.

MWITA: Inakata. Kwa ada ya asilimia 3, zile 4.50 za Richmond zinakugharimu senti 13 na nusu kuzishika tu. Baadhi ya maeneo yanamwachia mwenye mgahawa asilimia kidogo akiwasilisha kwa wakati, kwa hiyo uliza unapojisajili. Tena uliza na hili: oda za programu za kupeleka chakula, nani anapeleka kodi ya milo? Kampuni hizo zinahusika na kodi ya mauzo ya jimbo tangu Julai 1, 2019, lakini ya eneo usiidhanie. Fungua taarifa yao ya mwezi, tafuta mstari wa kodi, uone kama fedha zimebaki kwao au zimeingizwa kwako. Zikiwa zimeingia kwako, hakuna mwingine atakayezipeleka.