Fundi, Nitie Namba Ngapi?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Niliombwa niseme juu ya oili ya injini, na wakati naingia nimeona Massey Ferguson 135 tatu zimeegeshwa chini ya mgunga. Basi leo nitasema na wenye hizo tatu. Mwenye trekta jipya la kompyuta anivumilie.

Hizi 135 zilianza kutoka Coventry, Uingereza, miaka ya 1960. Nyingi za kwetu zina injini ya Perkins ya dizeli: silinda tatu, lita mbili na nusu, haina turbo. Kila siku naulizwa, "Fundi, nitie namba ngapi?" Namba ni uzito tu, yaani oili ni nyepesi au nzito kiasi gani kutiririka. Kwenye 15W-40, ile ya kwanza yenye W inaeleza oili itatiririka vipi kwenye baridi. Ya pili inaeleza uzito wake ikishapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Hapa Karatu, ukiwasha trekta alfajiri mwezi wa Julai, ile ya kwanza utaijua maana yake. Injini iliyo nzima, 15W-40 inaitosha kabisa. Mshale wa presha ya oili ukianza kulala injini ikipata moto, watu hukimbilia 20W-50 au 40 kavu, ile isiyo na W. Sikatai, beringi zilizolika zitashika presha kidogo. Ila hapo umenunua msimu mmoja. Injini bado mbovu.

Geuza dumu usome nyuma, utafute herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Ukikuta CF-4, CH-4 au CI-4, lipa uondoke. CK-4, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2016, ililenga injini mpya zenye vichujio vya moshi na dizeli yenye salfa ndogo mno. Haitaiua Perkins yako, lakini unalipia kifaa ambacho trekta lako halina. Tena salfa ikiungua huzaa asidi, na oili ndiyo inayoizima asidi hiyo. Dizeli ya madumu ya kando ya barabara ina salfa kiasi gani? Mnaoinunua mnajijua.

Sasa niwaambie aibu yangu. Nikiwa fundi mchanga, mzee mmoja aliniletea trekta lililokunywa oili ya bei chee, isiyo na sabuni, yaani dawa ya kusafisha injini, kwa miaka na miaka. Nikamtilia oili nzuri yenye sabuni, na filta nikaiacha ile ile. Siku ya nne akaniita shambani: presha hakuna. Tulifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pale pale juu ya matuta. Oili mpya ilikuwa imebandua uchafu wote uliogandamana ndani, ukashuka ukaziba wavu wa pampu. Mweusi, mzito, unakatika kwa kisu kama ugali wa jana. Mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kwa hiyo trekta usilojua lilikotoka, shusha sampu kwanza, uioshe kwa dizeli, funga filta mpya, na hiyo oili ya kwanza uimwage baada ya saa 20 hivi za kazi.

Oili ikigeuka nyeusi mapema usishtuke. Imebeba masizi, ndiyo kazi yake. Shtuka ikipanda. Kijiti cha kupimia oili kikionyesha imezidi na wewe hukuongeza kitu, inuse. Ikinuka dizeli, angalia ile pampu ndogo ubavuni mwa injini, yenye mkono wa kupampia. Mara nyingi kiwambo chake kimechanika na dizeli inashukia kwenye sampu. Hapo utabadilisha namba mpaka uchoke.

Kingine ni bakuli la chujio la hewa. Linatiwa oili safi, ile ile ya injini, mpaka kwenye alama. Najua wapo wanaolijaza oili chafu waliyotoka kuimwaga, eti ni ya kunasia vumbi tu. Wakati wa haro, na vumbi letu hili jekundu, bakuli lisafishwe kila siku. Likiwa limejaa tope, ringi za pistoni ndizo zitakazosaga vumbi.

Oili ya haidroliki na gia ni habari nyingine, tutaifanyia siku yake. Naona chai imefika. Tukishakunywa tutoke pale mgungani, tuchomoe vijiti vyote vitatu, tunuse.