Rangi za nguva, na yule dada wa duka la vipodozi

Asalaam aleikum jamaa zangu, hamjambo nyote? Leo hamnioni Leicester, Uingereza, na koti. Niko kwetu, Mombasa, na hizo honi mwazisikia ni tuktuk za hapa nje. Nimetoka dukani sasa hivi na mfuko huu, na nataka niufungue mbele yenu, kwa sababu dada aliyenihudumia amenifurahisha mno.

Jumamosi binamu zangu wana pati Kizingo, ya wanawake na watoto tu, na kila mtu aje amejigeuza kiumbe cha baharini. Kuna aliyechagua pweza, kuna kaa, shangazi yangu mmoja anakuja kasa. Mimi na mtoto wa dadangu, msichana wa miaka 8, ni nguva, wale wa hadithi, nusu mtu nusu samaki. Mikia fundi ameshaishona. Ilibaki sura.

Kule Uingereza, tarehe 31 Oktoba ikikaribia, ile siku ya Halloween watu wanapojigeuza mazimwi, maduka makubwa hujaa rangi za uso, damu bandia, meno ya plastiki. Wachukua kwenye rafu, walipia kwenye mashine, watoka. Hapa nimeingia duka dogo la vipodozi jirani na Barabara ya Biashara, nikamwambia yule dada, naomba rangi ya uso, kijani na buluu. Hakuinua mkono kwenye kabati. Akauliza: "Ni yako wewe, dadangu, au ya mtoto?" Nikasema sote wawili. "Mtakuwa ndani au uani?" Uani. "Kuanzia saa ngapi?" Baada ya Alasiri, mpaka usiku. Akanitazama, akasema: "Basi Magharibi itawakuta hapo hapo. Mtatia udhu vipi?"

Jamani, hilo swali! Nani mwingine angenifikiria hivyo?

Akanieleza taratibu. Rangi za uso nyingi ni za namna mbili. Kuna za mafuta: hizi zavumilia jasho, lakini lazima uzifunge kwa poda, na maji peke yake hayazitoi, na zikiganda usoni, maji ya udhu hayafiki kwenye ngozi. Na kuna za maji, kama hii hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera. Mwaiona ilivyo kavu, kama kipande cha sabuni? Walowesha sponji, waikamua mpaka isidondoke, wasugua juu yake, wapaka. Ukitaka kuswali, sabuni kidogo na maji, imekwisha. Ubaya wake ni jasho, na joto letu mwalijua. Kwa hiyo akanishauri nipake tabaka jembamba, niiache ikauke kabisa, ndipo niongeze la pili, na paji la uso niliache tupu kwa sababu ndiko jasho linakoanzia. Kibati cha mafuta kilikuwa ghali zaidi, na angeweza kuniuzia.

Sasa magamba. Akachukua kipande cha mfuko wa wavu, ule mwekundu wa vitunguu, ambao sokoni Marikiti wautupa kila siku. Umeoshwa, safi. Akaulaza juu ya mkono wangu, akauvuta ukakaza, akagonga sponji yenye kijani juu yake, tap tap tap, bila kuburura. Akauinua wavu. Wallahi, mkono ulikuwa na magamba! Tazameni hapa karibu na kiwiko, bado yapo. Kila tundu gamba lake, na katikati amegusa buluu kidogo kwa ncha ya kidole. Usoni wayaweka kwenye mashavu na pembeni mwa macho tu. Ukijaza uso mzima, nguva anageuka mjusi.

Kwenye kumetameta alikuwa mkali. Ile glita ya vifaa vya shule, ya kubandikia karatasi, hakutaka hata kuisikia, kwa sababu chembe zake zina kingo kali na moja ikiingia jichoni yaweza kulikwaruza jicho. Ya vipodozi huwa laini zaidi, na hata hiyo ya mtoto tumeamua iishie shavuni. Vivyo hivyo rangi za maji za wanafunzi. Kopo likiandikwa kwamba si sumu, maana yake ni kwamba haitamdhuru anayeitumia kwenye karatasi. Halikuandikwa kwa ajili ya uso.

Na hapa kwenye piko, ile rangi nyeusi ya kujichora mwilini, naomba mnisikilize, hasa akina mama. Shangazi alikuwa amenituma ninunue piko tumchoree mtoto magamba mikononi na miguuni. Yule dada akasema: "Piko nauza, lakini ya mtoto sikuuzii." Hina yenyewe hutoa rangi ya chungwa mpaka kahawia. Weusi ule wa piko hutoka kwenye dawa ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Ulaya sheria yairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kuipaka moja kwa moja kwenye ngozi hairuhusiwi. Yaweza kutoa malengelenge, na makovu yakabaki. Tena ngozi ikishaikataa mara moja, huwa imeikataa maisha. Miaka ishirini baadaye msichana apaka rangi ya nywele, uso unamvimba. Nimewaona maharusi wetu wamechorwa wakapendeza, najua tunavyoipenda piko, lakini kwa mtoto wa miaka 8 nasema hapana, na shangazi nimeshampigia simu. Atachorwa hina.

Kabla sijalipa akanigeuzia kibati, akanionyesha stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa za kutoka nje, na kialama cha kikopo kilichofunguliwa, kimeandikwa 12M. Hiyo ni miezi 12 tangu siku ukifungua. Akaniambia leo usiku nimpake mtoto tone moja ndani ya kiwiko, nisubiri mpaka kesho. Mtoto ana pumu ya ngozi, kwa hiyo ikiwasha au ikiwa nyekundu, rangi nairudisha, ataipokea. Amesema mwenyewe.

Duka sijalitaja kwa sababu sikumwomba ruhusa ya kumtangaza. Kesho napita kumuuliza. Akikubali nitawaandikia hapo chini, na pati yenyewe sitairekodi, ni ya wanawake. Nitawaonyesha uso wangu tu, kabla sijatoka nyumbani.